Ngazi za Dharura na Kikokotoo

Mambo mawili katika ofisi zetu za umma huwafanya watu wacheke kicheko cha aina moja. La kwanza ni king'ora cha zoezi la moto. La pili ni semina ya maandalizi ya kustaafu. Yote mawili huendewa kwa miguu mizito na simu mkononi, yote mawili huendeshwa na mtu aliyetoka nje ya ofisi mwenye maneno mengi na muda mfupi, na yote mawili yakiisha watu hurudi kwenye meza zao wakiwa na imani ile ile waliyoondoka nayo, kwamba siku inayozungumzwa si ya kwao. Lakini katika mambo yote ambayo mwajiri humwambia mtumishi, hayo mawili ndiyo yanayogusa uhai wake moja kwa moja: atatokaje salama jengo likiwaka, na ataishije akishatoka kazini.

Nimeamua kuyaandikia pamoja kwa sababu ninaamini yanatokana na mtazamo mmoja. Mtazamo huo unasema kwamba ulinzi wa mtumishi ni hisani. Tajiri akikumbuka, atatoa. Asipokumbuka, hana wa kumdai. Ninaupinga mtazamo huo, na kabla sijaendelea niseme wazi kwamba nina maslahi katika jambo hili. Mimi ni mhadhiri wa chuo cha umma, na kila mwezi asilimia 5 ya mshahara wangu huenda kwenye Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, na mwajiri wangu anatakiwa kisheria aweke asilimia 15 juu yake.

Tuanze na majengo yenyewe. Panda kivuko cha Magogoni asubuhi, upe Kigamboni mgongo, uutazame mji. Maghorofa mawili marefu yanayoikabili bandari, kwenye barabara ya Sokoine, yalijengwa na uliokuwa mfuko wa pensheni wa PSPF. Ingia ndani zaidi utakuta Jengo la Benjamin William Mkapa, ambalo wenyeji bado wanaliita Mafuta House, la NSSF. Nenda mtaa wa Ohio utaliona lililokuwa jengo la PPF. Nenda Kijitonyama utakuta minara ya uliokuwa mfuko wa LAPF. Ukitaka kuondoka mjini kwa gari kuelekea Kigamboni utapita juu ya daraja ambalo sehemu kubwa ya gharama zake ililipwa na NSSF. Na ukisafiri hadi Dodoma, ukakiona chuo kikuu kilichotapakaa juu ya vilima, ujue kuwa nacho kilijengwa kwa mikopo ya mifuko hiyo hiyo.

Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya sura ya miji yetu ya kisasa ni pensheni iliyogeuzwa kuwa zege. Nesi wa Nachingwea na karani wa Kasulu ndio waliozinunua nondo hizo. Kwa hiyo tunapozungumzia zoezi la kutoka salama kwenye ghorofa refu la ofisi katika mji huu, mara nyingi tunawazungumzia watu wanaofundishwa namna ya kulikimbia jengo walilolilipia wenyewe. Hilo lingekuwa jambo la fahari laiti wenye nyumba wangechukuliwa kama wenye nyumba. Hawachukuliwi hivyo.

Nilikuwamo katika zoezi moja la namna hiyo mwaka juzi, katika ofisi ya umma ambayo sitaitaja, nilikokwenda kufuatilia barua. King'ora kilipolia, jambo la kwanza lililotokea ni watu kuulizana kama ni la kweli. Jambo la pili ni mkuu wa kitengo kufunga mlango wa chumba chake na kuendelea na kikao. Wadogo wakaelewa: kumbe moto una vyeo. Wengi wakaelekea kwenye lifti, ingawa kibao ukutani kilikuwa kikiwakataza kwa herufi nyekundu. Tulioshuka kwa ngazi tulikuta mlango wa dharura wa chini umefungwa kwa kufuli, na mlinzi mwenye ufunguo amekwenda kunywa chai. Tukapanda tena ghorofa moja, tukatokea mlango mkubwa. Nje, kwenye eneo la kukusanyika, afisa utumishi alisimama na karatasi akaita majina.

Hapo ndipo nilipoacha kutabasamu. Orodha ile ilikuwa ya watumishi wa ajira ya kudumu. Vijana wa mafunzo kwa vitendo hawakuwamo. Akina mama wa usafi, ambao huajiriwa kupitia kampuni na ambao ndio wanaolijua jengo lile kuliko sote, hawakuwamo. Jengo lingekuwa linawaka kweli, wale wangeungua bila jina. Nikamuuliza afisa utumishi, kwa heshima, kwa nini hawahesabiwi. Akanijibu kwa upole kabisa: "Hao, mwalimu, si wa kwetu." Na kweli si wa kwao hata katika jambo lile lingine. Mtumishi wa ajira ya kudumu hukatiwa michango ya mfuko wa umma; mama wa usafi hutegemea kampuni itakayobadilishwa zabuni ikiisha, na kama kampuni hiyo ilikuwa ikipeleka michango yake NSSF au la, atalijua siku atakapokwenda kuulizia.

Kulikuwa na mtu mwingine ambaye hakutoka. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa amekaa kwenye benchi la ghorofa ya tatu na bahasha ya kaki magotini. Kijana wa mapokezi alimwambia, "Mzee wangu, tafadhali tushuke, ni zoezi." Mzee akamwangalia akasema, "Mwanangu, nimetoka Kilosa jana. Nikishuka, zamu yangu hapa atanitunzia nani?" Akabaki. Alikuwa akifuatilia barua yake ya kwanza ya ajira, ambayo jalada lake halikuwa nayo.

Sijui mfano ulio bora zaidi wa uhusiano wa mambo haya mawili. Mtu amefikishwa mahali ambapo kuogopa kupoteza nafasi kwenye foleni ya haki yake kunamzidi nguvu hofu ya moto. Na hesabu yake, nikiitafakari, haikuwa mbaya. King'ora kilikuwa cha mchezo, foleni ilikuwa ya kweli.

Wapo watakaosema kwamba zoezi la moto ni mambo ya Wazungu wenye kuogopa sana. Sisi tuna kumbukumbu zetu wenyewe. Tarehe 7 Agosti 1998, Nairobi, kabla bomu kubwa halijalipuka kwenye ubalozi wa Marekani, kulikuwa na mlipuko mdogo na milio ya risasi. Watu katika maofisi ya jirani wakafanya jambo ambalo kila mmoja wetu angelifanya: wakaenda madirishani kutazama. Kisha mlipuko wenyewe ukaja na vioo vikawakuta wamesimama pale. Zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi siku ile, na wengi walionusurika walipoteza macho. Siku hiyo hiyo Dar es Salaam ilipoteza watu 11. Mtu aliyefunzwa kuondoka kwenye dirisha huondoka bila kufikiri. Asiyefunzwa huenda kuangalia, maana udadisi ni tabia ya binadamu na zoezi ndilo pekee linaloishinda. Tunazo pia kumbukumbu za karibu zaidi: ghorofa lililoporomoka katikati ya Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, soko la Kariakoo lililoungua Julai 2021, jengo la Kariakoo lililoanguka tarehe 16 Novemba 2024 likiwa na wafanyabiashara ndani. Mara zote, siku za mwanzo, swali lililokosa jibu lilikuwa lile lile la karatasi ya afisa utumishi: ndani walikuwamo wangapi, na ni akina nani?

Sasa tuje kwenye pensheni, ambako ndiko kwenye mizizi mirefu.

Fikra kwamba pensheni ni hisani haikuota hapa yenyewe. Sheria za pensheni ambazo Waingereza waliziandika kwa ajili ya makoloni yao zilikuwa na kifungu kinachojirudia, na hadi leo unaweza kukisoma katika Sheria ya Pensheni ya Kenya, Sura ya 189: kwamba hakuna afisa mwenye haki kamili ya kudai pensheni kwa utumishi wake uliopita. Yaani ulitumika, ukazeeka, na sasa serikali itatazama kama inakuonea huruma. Kwetu nako, hadi mwaka 1999, mtumishi wa serikali kuu hakuwa akichangia kitu. Pensheni ilitoka Hazina kama posho ya mtu mkubwa kwa mtu wake. Lugha yetu imeitunza picha hiyo vizuri. Tunasema kiinua mgongo. Mgongo uliopinda kwa kazi ya mwenye shamba, na mwenye shamba mwenyewe ndiye anayeuinua kwa kitu kidogo ili mtu aweze kusimama na kwenda zake.

Sheria ya mwaka 1999 ilibadili msingi huo. Tangu Julai mwaka ule mtumishi anachangia, na mwajiri anachangia kwa niaba yake. Kuanzia hapo pensheni si zawadi tena. Ni mshahara uliokwisha kufanyiwa kazi ambao malipo yake yameahirishwa. Asilimia 15 ya mwajiri haitoki mfukoni mwa waziri yeyote. Ni sehemu ya ujira ambayo mtumishi amekubali asiipokee leo. Hata hivyo kichwani mwa wengi wanaotoa maamuzi, na cha kusikitisha zaidi kichwani mwa watumishi wenyewe, mwaka 1999 bado haujafika.

Ushahidi ni kisa cha kikokotoo. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kuiunganisha mifuko minne, PSPF, PPF, LAPF na GEPF, kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. Kuunganisha lilikuwa jambo la busara. Lakini kanuni zilizofuata zikaja na hesabu mpya ya mafao ambayo ingempa mstaafu asilimia 25 tu kwa mkupuo, wakati wengi walikuwa wamezoea kutarajia asilimia 50. Watumishi waliokuwa wamebakiza miezi michache wakajikuta wanabadilishiwa mkataba wakiwa mlangoni. Kelele zikapigwa, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akaagiza utaratibu wa zamani uendelee hadi mwaka 2023. Ikapokewa kwa shangwe na vigelegele. Mimi sikushangilia. Kilichoondolewa kwa kalamu ya mtu mmoja kinaweza kurudishwa kwa kalamu ya mwingine, na hakika Julai 2022 hesabu mpya ilianza kutumika, safari hii mkupuo ukiwa asilimia 33. Mwaka 2024, katika hotuba ya bajeti, ikatangazwa kwamba waliokuwa kundi la asilimia 50 watapandishwa kutoka 33 hadi 40, na waliokuwa kundi la 25 watapata 35.

Magazeti yaliandika asilimia. Asilimia hazimwelezi mtu kitu, na pengine ndiyo sababu zinapendwa. Tufanye hesabu yenyewe, kwa kuwa sijaona semina hata moja inayoifanya hadi mwisho.

Chukua mtumishi aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, ambaye wastani wa mishahara yake inayotumika kwenye hesabu ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, sawa na 14,400,000 kwa mwaka. Kwa utaratibu wa zamani wa PSPF na LAPF, unazidisha fedha hiyo ya mwaka kwa miezi 360 kisha unagawa kwa 540. Unapata pensheni ya mwaka ya shilingi 9,600,000. Nusu yake inazidishwa kwa 15.5 kuwa mkupuo: shilingi 74,400,000. Nusu iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12: shilingi 400,000 kila mwezi.

Kwa utaratibu wa 2022, kigawanyo ni 580 na kizidisho ni 12.5. Pensheni ya mwaka inashuka kuwa kama 8,938,000. Asilimia 33 kwa mkupuo inatoa takriban shilingi milioni 36.9, na kila mwezi kama 499,000. Kwa nyongeza ya 2024 ya asilimia 40, mkupuo ni takriban milioni 44.7, na kila mwezi kama 447,000.

Watetezi wa hesabu mpya husema: mkupuo umepungua lakini pensheni ya mwezi imepanda, kwa hiyo mstaafu hajapoteza. Haya. Kwa utaratibu wa 2022 mtu wetu alipoteza milioni 37.5 ili aongezewe shilingi 99,000 kwa mwezi. Ili fedha hizo zirudi zote anahitaji miezi 379, zaidi ya miaka 31. Akistaafu na miaka 60, atakuwa amelipwa sawasawa akiwa na miaka 91. Kwa utaratibu wa 2024, ule uliopigiwa makofi kama nafuu, amepoteza kama milioni 29.7 na kuongezewa shilingi 47,000 kwa mwezi. Miezi 633. Zaidi ya miaka 52. Mstaafu huyo aombe Mungu amfikishe miaka 112. Na hapo sijagusa jambo la bei kupanda: shilingi ya mwezi wa 633 haitanunua hata robo ya kile inachonunua leo.

Nikubali lililo kweli. Utaratibu wa zamani ulikuwa mkarimu kupita uwezo wa mfuko, na wanachama wa PPF na NSSF, ambao siku zote walipata asilimia 25, walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini mwalimu apate 50 na wao wasipate. Kwao hesabu mpya ni afadhali. Mfuko unaolipa kuliko unavyoingiza utakufa, na maiti hailipi pensheni. Lakini swali halali ni hili: nani aliudhoofisha mfuko? Watumishi walioajiriwa kabla ya Julai 1999 walistaafu wakilipwa na mfuko ambao haukuwahi kupokea michango ya miaka yao ya mwanzo, kwa makubaliano kwamba serikali ingefidia. Fidia ilikawia miaka mingi. Mifuko ikakopesha miradi ya serikali, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zikarudia mwaka hadi mwaka kwamba madeni hayajalipwa. Desemba 2021 ndipo serikali ilipotoa hatifungani maalumu isiyo taslimu ya shilingi trilioni 2.17 kwa PSSSF. Nawapongeza waliofikia uamuzi huo, maana deni lililoandikwa ni bora kuliko deni linalokanushwa. Ila tusijidanganye kuhusu mpangilio wa matukio. Mdaiwa alichelewa kulipa, mfuko ukayumba, na aliyepunguziwa ni yule ambaye makato yake hayakuwahi kuchelewa hata mwezi mmoja, kwa sababu hukatwa kabla hajaugusa mshahara.

Kisha ikaletwa hoja ya mwisho, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Tukaambiwa kwamba mkupuo mkubwa huwaharibu wastaafu. Wanaoa wake wa pili, wananunua magari mabovu, wanatapeliwa, halafu baada ya mwaka wanarudi kuomba. Kila mtu anamjua mmoja. Mimi nawajua wengi zaidi wa aina nyingine: mtumishi ambaye kwa miaka 30 mshahara wake haukumruhusu kukopa nyumba, akajenga kwa kuokoteza, chumba hiki mwaka huu na lenta mwaka ujao, nondo zikichomoza juu kama vidole vinavyoomba. Kwake mkupuo ni bati, na ni mlango na choo. Ukimpunguzia milioni 30 umempunguzia paa, na atalipa kodi ya pango kwa ile 47,000 uliyomwongezea. Tena ni ajabu kwamba hoja hii ya watu kutoweza kutunza fedha nyingi haijawahi kutolewa kuhusu wabunge. Mbunge hukaa miaka 5, Bunge likivunjwa hulipwa kiinua mgongo chake kwa mkupuo, na hakuna anayemwambia asubiri afikishe miaka 60 wala anayemhofia mke wa pili.

Wanafunzi wangu huniuliza swali gumu kuliko hayo yote, na halitoki kwa viongozi. Husema: Mwalimu, mkulima wa pamba wa Bariadi hana pensheni wala mkupuo, bodaboda hana, mama ntilie hana. Kwa nini tulie pamoja na watu wenye ajira za kudumu na viyoyozi? Kijana aliyekaa miaka 4 nyumbani na shahada yake akimsikia afisa akilalamikia asilimia 40 anaona kama anatukanwa. Namwelewa. Lakini asikubali kugeuzwa silaha. Kumnyang'anya nesi hakumpi mkulima chochote. Fedha haitoki mfukoni mwa mmoja ikaingia kwa mwingine, inaishia katikati. Tena njia ya pili ipo na si ya kubuni. Zanzibar, tangu Aprili 2016, ilianza kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 pensheni ya jamii, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa serikalini au alivua pweza maisha yake yote. Kiasi kile kilikuwa kidogo. Msingi wake ni mkubwa, kwa sababu orodha ile ilianza na kila mtu. Mwanafunzi anayeona uchungu kwa ajili ya mkulima adai Bara nako kuwe na orodha ya namna hiyo, nami nitaandamana naye.

Kwa watumishi wanaonisoma nina neno kali kidogo. Sehemu ya dharau hii tumeilea sisi. Tunacheka king'ora kinapolia, na tunasinzia kwenye semina ya kustaafu tukisubiri posho ya nauli. Vyama vyetu vya wafanyakazi vimekuwa hodari wa sare za Mei Mosi kuliko wa hesabu za kigawanyo na kizidisho. Mtu anaijua ratiba ya ligi ya Uingereza hadi Mei, lakini hajui kama mwajiri wake wa 2009, alipokuwa halmashauri nyingine, alipeleka michango ya miezi yote. Halafu siku ya mwisho anakaa kwenye benchi na bahasha ya kaki.

Kwa hiyo napendekeza jambo la kufanyika, na halihitaji sheria mpya wala mfadhili. Kila ofisi ya umma inayofanya zoezi la moto ifanye siku hiyo hiyo zoezi la kustaafu. Watu wakiwa bado nje kwenye eneo la kukusanyika, yachaguliwe majina matano kwa kura, wawemo dereva na mhudumu. Masijala itakiwe kuyatoa majalada yao yakiwa kamili: barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, ya cheo cha mwisho, na taarifa ya michango ya kila mwezi isiyo na pengo. Saa ihesabu, kama Jeshi la Zimamoto linavyohesabu dakika za watu kushuka ngazi. Kampuni ya usafi nayo ije na uthibitisho wa michango ya watu wake, na isipokuja hivyo isilipwe mwezi huo. Mfuko kwa upande wake uchapishe tathmini ya uhai wake kwa Kiswahili, ikiwa na ile mifano ya shilingi kwa shilingi niliyoifanya hapo juu, na Bunge liweke kifungu kwamba hesabu ya mafao haibadiliki kwa mtu aliyebakiza miaka 10 au pungufu.

Matokeo ya majalada matano yabandikwe ukutani kwenye ubao ule ule wenye ramani ya ngazi za dharura, yakiwa na tarehe, dakika zilizotumika na jina la afisa aliyewajibika. Na ufunguo wa mlango wa chini ukae mlangoni.